KUFUNDISHA UTAMBUZI WA UCHAKAVU: MFANO WA MSUMENO WA MNYORORO ULIOKWISHA TUMIKA

Mwanafunzi wa ufundi akiletewa mashine yenye hitilafu, mkono wake hutangulia na akili hufuata. Hushika spana kabla hajauliza swali hata moja, hufungua kila kinachofunguka, na mwishowe hupendekeza kipuri kipya kwa sababu tu kile cha zamani amekiona kina kutu. Mwalimu wa karakana anayajua haya kwa kuyaona kila muhula. Makala haya yanakusudia kueleza njia moja ya kuurudisha mkono nyuma ili akili itangulie, na chombo kilichochaguliwa kwa kazi hiyo ni msumeno wa mnyororo uliokwisha tumika, hususan sehemu zake za kukatia.

Chombo hicho hakikuchaguliwa kwa bahati. Sehemu zinazohusika ni chache: mnyororo wenye meno, bapa la chuma ambalo mnyororo huo huzunguka kandokando yake, na gurudumu la meno linaloupeleka. Mwanafunzi aweza kuziweka zote mezani na kuzitazama kwa mara moja. Hata hivyo sehemu hizo tatu huchakazana. Kosa la moja huonekana katika nyingine, na dalili moja yaweza kutokana na sababu mbili au tatu zilizo mbalimbali kabisa. Hapo ndipo penye mafunzo.

Mifano yote inatoka Igogo, kata ya Wilaya ya Nyamagana katika Jiji la Mwanza, kati ya vilima vya mawe na Ziwa Viktoria. Misumeno inayofikishwa kwa mafundi wa pande hizi hutoka katika kazi za namna nyingi: kuangusha misonobari na mikaratusi, kukata miembe iliyozeeka uani, kupasua mbao za mashua na za kuezekea. Shamba la miti la Rubya liko Ukerewe, na lile la Buhindi liko upande wa Sengerema, ng'ambo ya ghuba. Basi kazi ya msumeno haikosekani kandokando ya ziwa. Kijana anayetaka kuianza kazi hiyo kwa kawaida hawezi kununua mashine mpya. Hununua iliyokwisha pita katika mikono miwili au mitatu, na mara nyingi kwa fedha aliyochanga na wenzake. Akiuziwa msumeno ambao injini yake hunguruma vizuri lakini bapa na gurudumu vimekwisha, atakuwa amenunua nusu ya mashine kwa bei ya nzima. Na ikiwa mnyororo umepigwa tupa vibaya, kwa namna itakayoelezwa hapa chini, atakuwa amenunua hatari. Fundi anayemshauri kijana huyo ndiye mwanafunzi wetu wa leo.

ANACHOPASWA KUKIJUA MWALIMU KWANZA

Mnyororo wa msumeno huu si kama ule wa baiskeli, ingawa vyote viwili vimefungwa kwa ribiti. Una viungo vya aina tatu. Viungo vya kati vina ulimi unaoshuka ndani ya mfereji wa bapa. Hivyo ndivyo vinavyoshikwa na gurudumu la meno na kuendeshwa. Viungo vya pembeni kazi yake ni kuunganisha tu. Viungo vya aina ya tatu ni vikatio: kimoja hukata upande wa kulia, kinachofuata hukata upande wa kushoto, na hivyo hivyo mnyororo mzima. Kila kikatio kina jino lenye makali, na mbele ya jino hilo pana nundu ndogo isiyokata kitu. Nundu hiyo tutaiita kikomo, kwani kazi yake ni kulizuia jino lisizame katika mti kupita kiasi. Katika minyororo mingi ya kawaida kikomo huwa chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi, yaani unene wa kadi chache zilizopangwa pamoja. Mwanafunzi asipokielewa kikomo, hajaelewa mnyororo.

Umbo la jino hili lina historia inayofaa kusimuliwa darasani. Mwaka 1946 Joseph Cox, mkata miti katika jimbo la Oregon, Marekani, alimtazama funza wa mbawakawa akitafuna gogo. Aliona kuwa taya zake hukata kulia na kushoto kwa zamu, wala hazijali nyuzi za mti zimeelekea wapi. Akatengeneza mnyororo wenye meno ya kufuata mfano huo, na mwaka 1947 akaanza kuuuza. Minyororo ya leo ni wazao wa ule. Nimeona kuwa darasa likisikia habari za funza huyo halisahau tena kwa nini vikatio hupishana. Michoro mitatu ya ubaoni haikuwahi kufanya kazi hiyo.

Kila mnyororo una kipimo kiitwacho hatua. Hupatikana kwa kupima umbali wa ribiti tatu zinazofuatana, kisha kugawanya kwa mbili. Hatua zinazokutwa mara nyingi ni inchi 3/8, inchi 0.325 na inchi 0.404. Mnyororo, gurudumu la meno, na kigurudumu kilichomo katika ncha ya bapa, kama kipo, lazima viwe vya hatua moja. Mwalimu asiliharakishe jambo hili. Katika misumeno iliyokwisha tumika si ajabu kukuta vipuri vya hatua mbili vimelazimishwa kuishi pamoja, na mashine ya namna hiyo huonyesha dalili za uchakavu hata kama kila kipuri ni kipya.

Hesabu kidogo huwasaidia wanafunzi kuona ukubwa wa kazi ya mnyororo. Mnyororo wa inchi 3/8 wenye viungo vya kati 72 una urefu wa milimita 1,372 hivi, na katika mpango wa kawaida una vikatio 36. Injini ikifunguliwa mafuta kamili, mnyororo waweza kwenda mita 20 kwa sekunde. Waulizwe: kila kikatio hupita mahali pamoja mara ngapi katika sekunde moja? Jibu ni zaidi ya mara 14. Kwa hiyo mtu akiugusisha msumeno ardhini kwa nusu sekunde tu, hakuna jino hata moja litakalosalimika.

Na ardhi ya Mwanza haina huruma kwa makali. Mawe yetu ni ya matale, na mchanga wake una chembe zing'aazo kama vioo, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha jino. Gogo lililoburutwa ufukoni au kuvingirishwa kutoka mlimani hubeba mchanga huo ndani ya magamba yake. Jino limefunikwa juu kwa utando mwembamba wa kromiamu, na ukingo wa utando huo ndio makali yenyewe. Utando ukiliwa na mchanga, kupiga tupa juu juu hakufai. Yapasa kulirudisha jino nyuma mpaka kromiamu nzima ionekane tena. Mwanafunzi ambaye hakuambiwa hivi atapiga tupa mara tatu, ataona ng'aro mpya, atatosheka, na mwenye msumeno atarudi kabla ya jua kuchwa.

USALAMA

Somo lote lifuatalo hufanywa injini ikiwa imezimwa na kupoa, waya wa plagi ukiwa umechomolewa, na wanafunzi wakiwa wamevaa glavu. Mikato ya mfano hukatwa kabla ya kipindi na mtu aliyefunzwa kazi hiyo na mwenye mavazi ya kujikinga. Wanafunzi waelezwe pia sababu ya kuiogopa ncha ya bapa: sehemu yake ya juu ikigusa mti wakati mnyororo unakwenda, msumeno hurushwa juu na nyuma kumwelekea anayeushika, kwa kasi ambayo hakuna mkono unaoweza kuiwahi.

KUSOMA KABLA YA KUFUNGUA

Kipindi huanza bila msumeno. Mezani pana bahasha tatu zenye takataka za mbao, zote za msonobari mmoja, zilizokatwa kwa kukingama na nyuzi. Bahasha ya kwanza ina vibanzi vinene, vya kushikika kwa vidole. Ya pili ina unga. Ya tatu nayo ina unga, mweusi kidogo na wenye harufu ya kuungua. Kila mwanafunzi huandika katika daftari lake anavyodhani kuhusu mnyororo uliozaa takataka hizo, na hairuhusiwi kufuta. Sharti hili la kutofuta ni la maana kuliko linavyoonekana, kwa sababu dhana iliyoandikwa ndiyo itakayopimwa baadaye, na mwanafunzi atauona mwenyewe umbali kati ya alivyodhani na alivyokuta. John Dewey, katika kitabu chake cha mwaka 1910 juu ya namna tunavyofikiri, alieleza kuwa fikra huanza pale mtu anapokutana na tatizo, kisha hulichunguza lilipo, hubuni maelezo, hupima matokeo ya maelezo hayo, na mwisho huyajaribu. Bahasha zetu tatu hazifanyi zaidi ya hayo.

Karibu darasa zima huandika kuwa bahasha ya pili na ya tatu ni za minyororo butu. Ndipo mazungumzo huwa kama hivi:

— Bahasha ya pili ina nini?

— Ina unga, Mwalimu.

— Na unga unatuambia nini?

— Meno ni butu, Mwalimu.

— Una hakika?

— Ndiyo, Mwalimu. Msumeno ukikata vema hutoa vibanzi.

— Haya, njoo uupeleke mnyororo wake mlangoni kwenye mwanga, uyatazame makali.

Makali butu hurudisha mwanga. Huonekana kama uzi mweupe kwenye ukingo wa jino. Makali mazima hayaonyeshi kitu. Mwanafunzi hugeuza kikatio kimoja, cha pili, cha tatu, na haoni uzi. Meno ni makali kabisa. Darasa hunyamaza, na ukimya huo mwalimu asiukatize kwa kutoa jibu. Mara nyingi ni mwanafunzi aliye kimya siku zote ambaye hatimaye huweka rula juu ya vikatio viwili na kuona kwamba vikomo vinaigusa rula karibu sawasawa na meno.

Hiyo ndiyo siri ya bahasha ya pili. Sehemu ya juu ya jino huteremka kuelekea nyuma. Kila linapopigwa tupa, ncha yake hurudi nyuma na hushuka chini, ilhali kikomo husimama palepale kilipokuwa. Fundi aliyenoa mara kumi bila kugusa vikomo amepata mnyororo mkali usiokata. Mwenye msumeno huanza kuukandamiza mtini, bapa hupata moto, kingo zake huliwa, klachi huteleza, na mwisho wa yote injini hulaumiwa. Watu huvunja kabureta kutafuta kosa lililo kwenye nundu ya milimita chache.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Fundi mwingine, akitaka kumfurahisha mteja, huviteremsha vikomo kupita kiasi. Msumeno huo siku ya kwanza hula mti kwa pupa, na mteja husifu. Lakini hutetemeka, hurukaruka, hukamata, na hatari ya kurushwa nyuma huongezeka sana. Hii ndiyo hatari niliyosema kijana aweza kuinunua bila kujua. Asiye na kipimo cha vikomo aweza kupitisha rula juu ya ncha za meno na kutazama nafasi iliyobaki, kisha kulinganisha na mnyororo mpya wa aina ileile. Mwalimu ahakikishe kwamba mnyororo mmoja mpya wa kulinganishia upo karakanani, hata kama ni kitu pekee kipya alicho nacho.

Tahadhari moja kuhusu takataka za mbao. Dalili hii ni ya kweli kwa mkato unaokingama na nyuzi. Msumeno ukipasua gogo kuanzia kichwani, kama wafanyavyo wapasuaji mbao, hutoa unga hata ukiwa mkali. Ukipasua kwa ubavu hutoa nyuzi ndefu. Mti mkavu na mgumu kama mninga nao hutoa vibanzi vidogo kuliko msonobari mbichi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye msumeno liwe: ulikuwa ukikata mti gani, na kwa upande gani? Wanafunzi huliona swali hili kuwa ni maneno ya adabu tu. Lina thamani ya kipimo.

MKATO WA KOMBO

Sehemu hii ndiyo kiini cha somo, nami huipa kipindi kizima peke yake. Msumeno unaletwa na maelezo mafupi kwamba ukikata gogo huenda upande. Mkato huanza wima, kisha hupinda kama mwezi mwandamo, mpaka bapa hubanwa lisitoke. Kipande cha gogo kilichokatwa na msumeno huo huwekwa mbele ya darasa.

Sababu zinazowezekana ni mbili kubwa. Ya kwanza iko katika mnyororo: vikatio vya upande mmoja ni vikali au virefu kuliko vya upande wa pili, na msumeno huvutwa kuelekea upande unaokata zaidi. Hili hutokea kwa urahisi kwa sababu anayetumia mkono wa kulia hupiga tupa vizuri upande mmoja na kubabaisha mwingine. Au jiwe moja limegusa meno ya upande mmoja tu. Sababu ya pili iko katika bapa: ukingo mmoja wa mfereji umeliwa kuliko wa pili, au mfereji wenyewe umepanuka, na mnyororo unalala ubavu badala ya kusimama.

Mwanafunzi ataegemea mara moja upande wa mnyororo, kwa kuwa meno ndiyo yanayoonekana kukata. Mwalimu asimkatalie. Amtake abuni jaribio litakalozitenganisha sababu hizo mbili bila kununua chochote. Jaribio lipo, na ni jepesi mno hata walimu wenyewe hulisahau. Geuza bapa, ukingo wa chini uwe juu. Rudisha mnyororo uleule. Mkataji aliyefunzwa akate tena. Kombo ikibaki upande uleule, shaka iende kwenye mnyororo, kwani ndio ambao haukubadilika. Kombo ikitoweka au ikihama, shaka iende kwenye bapa.

Wakati mwingine kuwasha injini hakuwezekani, kwa mfano mnunuzi anapoukagua msumeno sokoni. Hapo hutumika vipimo vya baridi. Pima urefu wa vikatio vinne vya kulia na vinne vya kushoto kwa kalipa, uone kama vinalingana. Kisha weka rula ibavuni mwa bapa, igusane na ubavu wa kikatio. Ikionekana nafasi kati ya rula na bapa, kingo ni nzima na mnyororo umesimama. Ikiwa hapana nafasi, mnyororo umelala, na mfereji umechakaa. Urudie upande wa pili. Halafu ondoa mnyororo, safisha bapa, uweke skwea juu ya kingo mbili uone kama zina kimo kimoja.

Bapa lina habari nyingine za kusimulia. Kidole chenye glavu kikipita kandokando yake chaweza kukuta ukingo umejikunja nje na kufanya makali kama wembe. Hayo huondolewa kwa tupa bapa, na si dalili ya kifo. Rangi ya buluu kwenye ukingo ni alama ya moto mkali uliosababishwa na kukosa mafuta au kukandamiza. Tazama kitundu cha mafuta: mara nyingi kimezibwa na unga wa mbao uliogandamana. Watu wengi huweka oili chafu ya injini kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Oili hiyo hubeba chembe za chuma, haishiki vyema kwenye mnyororo, na ni mbaya kwa ngozi ya mtumiaji.

Mwisho ni kina cha mfereji. Ndimi za viungo vya kati zisifike chini ya mfereji. Zikifika, mnyororo hupanda juu ya ndimi zake badala ya kukalia kingo, nazo ndimi hulika na kuwa butu. Kina kikipungua hivyo, bapa limekwisha, wala hakuna tupa itakayolifufua. Bapa lililogeuzwa kila mnyororo unaponolewa huchakaa sawasawa pande zote mbili. Lisilogeuzwa kamwe hulika upande wa chini, na hapo muuzaji mjanja hulipindua siku ya mauzo ili upande mzima ndio utazamwe. Mnunuzi atazame pande zote mbili.

GURUDUMU LA MENO, NA UDANGANYIFU WA MNYORORO MPYA

Gurudumu la meno limejificha nyuma ya kifuniko, nalo husahauliwa na wengi. Mnyororo humega vijibonde katika meno yake. Vikifika kina cha nusu milimita, gurudumu libadilishwe. Nusu milimita huonekana kitu kidogo kwa mwanafunzi. Aelezwe kwamba gurudumu lililolika halina tena hatua yake ya asili, nalo humlazimisha kila mgeni kuifuata hatua yake mpya. Mnyororo uliochakaa pamoja nalo umekwisha kuizoea hali hiyo: ribiti zake zimelegea, umerefuka. Mnyororo mpya haukuizoea. Ukifungwa juu ya gurudumu bovu, ndimi zake hugongwa kila zinapoingia, nao huzeeka kabla ya wakati. Fedha ya mnyororo imetupwa ziwani.

Hivyo ndivyo inavyopasa kueleweka kanuni ya kutumia minyororo miwili kwa zamu juu ya gurudumu moja, kisha kubadilisha vyote pamoja.

Kuhusu urefu wa mnyororo, kipimo ni skrubu ya kukazia: ikiwa imefika mwisho wa mwendo wake na mnyororo bado unaning'inia chini ya bapa, mnyororo umekwisha refuka. Na kuhusu jino, watengenezaji wengi huchora alama ya mstari nyuma yake kuonyesha mahali ambapo kunoa kunapaswa kukoma. Kwa kawaida ni pale urefu unapobaki milimita 3 au 4. Chini ya hapo jino laweza kukatika na kuruka. Kiungo chenye ufa, popote kilipo, humaliza mjadala.

KUTOA UAMUZI

Baada ya uchunguzi kila kikundi huandika uamuzi wake katika nusu ukurasa: nini kinolewe, nini kibadilishwe, nini kiachwe, na kwa mpangilio gani. Wanafunzi wengi hupotea hapa. Wakishaona kasoro nne, huagiza vipuri vinne. Mwalimu awakumbushe kuwa mteja wa Igogo aweza kuwa na fedha ya kipuri kimoja leo na cha pili baada ya mwezi. Kama ana fedha ya kimoja tu, na gurudumu na mnyororo vyote vimechakaa lakini jino bado lina urefu, basi anoe mnyororo wa zamani, arekebishe vikomo, na auendeshe mnyororo huo juu ya gurudumu lake la zamani mpaka apate fedha ya vyote viwili. Mnyororo mpya peke yake ungekuwa hasara. Lakini akiwa na ufa katika kiungo, hakuna cha kungoja, hata kama mteja ananung'unika. Majibu haya hayapatikani kwa kukariri orodha ya kasoro, na kwa sababu hiyo sipendi orodha hizo zibandikwe ukutani kabla ya somo la tatu.

Katika kuandika, mwanafunzi atenganishe alichokiona na alichokihukumu. “Bapa ni bovu” ni hukumu. “Rula imelala juu ya bapa pasipo nafasi, upande wa kushoto, sentimita kumi kutoka ncha” ni jambo lililoonekana, na mwenzake aweza kulihakiki. Karatasi yenye hukumu tupu irudishwe bila alama, hata kama hukumu ni sahihi.

Somo hili halihitaji fedha nyingi. Tangu mwaka 2024 baadhi ya shule zetu za sekondari zimeanza kufundisha mkondo wa amali, na walimu wake hulalamikia uhaba wa zana. Kwa somo la uchakavu, uhaba huo una dawa iliyo karibu. Mafundi wa mitaani hutupa au huuza kama chuma chakavu mabapa, minyororo na magurudumu yaliyokwisha, nao huyatoa kwa moyo mweupe mwalimu akiwaomba na kuwaeleza sababu. Kinachohitajika kununuliwa ni tupa za mviringo za unene unaofaa (milimita 4.8 kwa mnyororo wa inchi 0.325, milimita 5.2 au 5.5 kwa ule mkubwa wa inchi 3/8), tupa bapa moja, kalipa, rula ya chuma, skwea na jiliwa. Fundi mzee wa mtaani akialikwa kukaa nyuma ya darasa wakati wa uchunguzi, apewe nafasi ya kusema mwisho, baada ya vikundi kutoa uamuzi. Akisema mwanzo, wanafunzi hawatachunguza tena kitu bali watamfuata yeye.

Kwa tathmini ya mwisho wa muhula, kila mwanafunzi hupewa seti moja ya mnyororo, bapa na gurudumu, dakika ishirini, na kipande cha gogo kilichokatwa kwa seti hiyo. Katika baadhi ya seti, sehemu moja ni nzima kabisa ingawa imepakwa masizi na kutu ya juu juu. Katika nyingine, iliyosuguliwa ikang'aa ndiyo iliyokufa. Vipuri vipakwe oili na kutundikwa mbali na upepo wa ziwa, la sivyo kutu hufuta alama zile zile tunazotaka zisomwe. Namba za seti zibadilishwe kila muhula, kwa maana wanafunzi wa mwaka wa pili huwanong'oneza wa mwaka wa kwanza kwamba namba saba ni bapa.